Naishi Dar kwenye tambarare, nijifue vipi kupanda Lushoto kwa baiskeli?

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni dada wa miaka 34, naishi Tabata na ofisi yetu iko Posta, ghorofa ya sita. Nina baiskeli ya mtumba ya gia, yenye matairi manene, na kila Jumamosi navuka daraja la Kigamboni, nafika Mjimwema, narudi. Wenzangu kazini wamepanga mwishoni mwa Septemba twende Lushoto, na kutoka Mombo tupande kwa baiskeli. Zimebaki wiki 12. Dar hakuna mlima, na hata ule mwinuko wa daraja hunitoa jasho. Nijiandae vipi? Na hewa ya kule juu haitanikaba pumzi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Wiki 12 zinatosha, mradi uzitumie kuandaa kile ambacho mlima utakudai. Wengi wetu wa pwani hujiandaa kwa kitu kingine kabisa. Tunadhani mlima unataka nguvu ya ghafla, basi tunafukuzana barabarani dakika kumi, tunahema, tunarudi nyumbani tumeridhika. Mlima wa Mombo unataka miguu iliyozoea kunyonga muda mrefu bila kupewa nafasi ya kupumzika. Hicho ndicho tambarare inachotunyima, na kinatengenezeka hapa hapa Dar.

Tuitazame barabara yenyewe. Mombo iko takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari, na Lushoto mjini takriban mita 1,400. Kati yake kuna kilomita 33 hivi za lami nyembamba yenye kona nyingi, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Ukigawanya mita 1,000 kwa umbali huo unapata wastani wa asilimia 3, yaani kila ukisogea mita 100 unapanda mita 3. Mtu akisikia hivyo anaona kazi ni ndogo. Wastani huo unadanganya, kwa sababu sehemu kubwa ya kupanda imerundikana kati ya Mombo na Soni, kama nusu ya kwanza ya safari. Huko wastani unapita asilimia 4, na vipande vingine ni vikali kuliko hapo. Baada ya Soni barabara inalegea.

Tuseme wewe, baiskeli na maji yako mna kilo 80. Juhudi inayokupeleka kilomita 21 hivi kwa saa kwenye tambarare isiyo na upepo, kwenye mlima wa asilimia 5 itakupeleka kilomita 8 tu. Kwa hiyo Mombo hadi Soni peke yake ni zaidi ya saa mbili za kunyonga. Na zile kilomita 21 za tambarare umezipata kwa kupumzika njiani pasipo kujua. Jumamosi ijayo jichunguze ukielekea Mjimwema: hesabu ni mara ngapi unaacha miguu itulie na baiskeli ijiendee yenyewe. Unalegeza ukikaribia tuta, ukipishana na bajaji, ukimsubiri mwenzako, ukinywa maji, na mara nyingine bila sababu yoyote. Kila mara misuli inapata sekunde mbili tatu za kuvuta damu mpya. Mlimani ukiacha kunyonga, baiskeli inasimama. Ndiyo maana mtu anayemaliza kilomita 60 za Kigamboni akicheka anaweza kushuka na kusukuma baiskeli kabla hajamaliza kilomita 6 za kutoka Mombo.

Basi zoezi lako la kwanza, na kama ungekuwa na nafasi ya kufanya moja tu ningekuambia ufanye hili, ni kunyonga bila kuacha. Anza na dakika 20 mfululizo. Gia ya wastani, miguu haikomi hata sekunde moja. Ukifika penye mteremko mdogo vuta breki kidogo huku unaendelea kunyonga. Kila wiki ongeza dakika kumi, hadi ufike saa moja na nusu. Pumzi yako iwe ya mtu anayeweza kuitikia salamu lakini hawezi kusimulia kisa. Barabara ya Mandela haikuruhusu, ina taa na malori, kwa hiyo tafuta Jumapili asubuhi au nenda jimu ukae kwenye baiskeli ya kusimama. Watu wengi huidharau baiskeli ya jimu, ila kwa zoezi hili naipenda kuliko barabara, kwa sababu hakuna kinachokupa kisingizio cha kuacha.

Ukiwa na kile kifaa cha kushikilia gurudumu la nyuma ili uendeshe baiskeli yako nyumbani, inua gurudumu la mbele kwa ubao ulio imara. Kutoka ekseli hadi ekseli baiskeli ina takriban mita moja, hivyo kila sentimita 5 unazoinua mbele zinakukalisha kama uko kwenye mlima wa asilimia 5. Utashangaa jinsi mgongo wa chini na makalio yanavyoanza kulalamika baada ya nusu saa. Afadhali yalalamike Tabata kuliko Soni.

Zoezi la pili ni upepo, na hapa msimu umekupendelea. Kuanzia sasa hadi Septemba tuko kwenye kusi. Alfajiri upepo huwa umelala, unachangamka jua likipanda, na kuanzia saa nne asubuhi unaanza kukuonyesha kazi. Ukishavuka daraja pita Kibada, elekea kusini upande wa Kimbiji, uso kwa uso na kusi. Upepo wa kilomita 18 kwa saa ukikupiga kifuani, kasi ya kilomita 13 hivi itakugharimu juhudi ileile ya kupanda kilomita 8 kwa saa pale Mombo. Na upepo, kama mlima, haukupi mapumziko: ukiacha kunyonga, baiskeli inakufa papo hapo. Mkienda wawili watatu, jambo ambalo nakusihi kwa usalama, usijifiche mgongoni mwa mwenzako kwenye kipande cha mazoezi. Kukaa nyuma ya mtu kunakupunguzia kazi sana, na ile kazi ndiyo tuliyoifuata. Kurudi nyumbani kusi itakusukuma. Hapo nyonga kwa wepesi, miguu ilegee.

Ndani ya upepo huo, kuanzia wiki ya nne, weka vipande vya gia nzito. Kwenye tambarare miguu hupenda kuzunguka mara 80 hadi 90 kwa dakika. Mlimani itashuka hadi 60 au 65, na misuli inayofanya kazi inabadilika. Chagua gia inayokufanya uzunguke mara 55 hadi 60, ukiwa umekaa, mikono imelegea kwenye usukani. Kupima ni rahisi: tazama goti la kulia, hesabu linavyopanda kwa sekunde 15, likipanda mara 14 au 15 uko sawa. Endesha hivyo dakika 6, kisha dakika 4 za gia nyepesi, rudia mara tatu. Baada ya wiki mbili fanya dakika 8, baadaye 12. Mara moja kwa wiki inatosha, mara mbili ni nyingi. Goti likianza kuuma kwa mbele acha siku hiyo hiyo, na kabla hujalilaumu goti angalia urefu wa siti.

Siti nitaisema kabisa, maana nikisimama pembezoni mwa barabara naona wengi wameishusha mno. Kaa kwenye baiskeli huku umeegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke. Ukipanda pedali kwa ile sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litabaki na mkunjo mdogo, na hapo ndipo nguvu ilipo. Siti ya chini inakufanya uendeshe umechuchumaa. Kwenye tambarare unavumilia, lakini saa mbili za mlima zitakuharibia magoti.

Halafu, dada, si kweli kwamba Dar haina mlima. Wewe unakaa Tabata! Nenda Segerea, Kinyerezi, endelea Kifuru na Malamba Mawili hadi Mbezi, uniambie kama umekutana na tambarare. Kuna Bonyokwa kuelekea Kimara, kuna Makongo Juu na Goba, kuna Chuo Kikuu pale Mlimani. Shida ya vilima hivi ni ufupi wake, unamaliza kabla mwili haujaanza kuteseka. Kwa hiyo usivitumie kutafuta pumzi, vitumie kufundisha mwili ufundi wa kupanda. Jinsi ya kusogea mbele kidogo kwenye siti ili gurudumu la mbele lisiinuke. Jinsi ya kubadili gia kabla mlima haujakubana, maana ukingoja mpaka cheni imevutwa kwa nguvu zote itagoma au itaruka. Jinsi ya kusimama juu ya pedali sekunde 20 ili mgongo upumue, kisha kukaa tena bila kupoteza mwendo. Chagua kilima kimoja, panda na kushuka kwa saa nzima. Simu yako ina programu za kupima mwinuko. Ukigundua kilima chako kina mita 30, basi mizunguko 33 ni sawa na Mombo hadi Lushoto. Sikutumi ufanye 33 kwa siku. Kumi kwa mkupuo ni zoezi zuri sana.

Na wiki tatu kabla ya safari tenga siku moja ya jaribio. Toka Tabata uende Gongo la Mboto, Pugu, mpaka Kisarawe. Vilima vya Pugu havifiki hata mita 400 juu ya bahari, ila vina mlima wa kweli kwa viwango vyetu, na hewa ya ule msitu ni nzuri asubuhi. Panda, shuka, panda tena, hadi utimize saa tatu juu ya baiskeli. Siku hiyo beba kila kitu utakachobeba Lushoto: chakula kilekile, maji yaleyale, nguo zilezile. Kama kaptula inakuchubua, ijue Kisarawe.

Ofisi yako ghorofa ya sita nayo ni mali. Panda ngazi kwa miguu kila siku, ngazi mbili kwa hatua moja unapoweza, na ushuke kwa lifti. Nasisitiza lifti: kushuka ngazi kunachosha magoti na hakukuongezei chochote cha kupandia.

Sasa gia. Katika barua yako yote hili ndilo lililonitia wasiwasi, kwa sababu hukulisema. Baiskeli ya mtumba kuwa na gia hakumaanishi ina gia za mlima. Pindua baiskeli, hesabu meno ya sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni: ile ndogo kabisa ya mbele na ile kubwa kabisa ya nyuma. Kama mbele ni 28 na nyuma ni 28, mguu ukizunguka mara moja gurudumu nalo linazunguka mara moja. Kwa gurudumu la inchi 26 utapanda kilomita 8 kwa saa huku miguu ikizunguka mara 65 kwa dakika. Hiyo inabebeka. Lakini kama mbele una sproketi moja tu ya meno 44 na nyuma kubwa ni 28, kwa kasi hiyohiyo miguu itazunguka mara 41 tu. Hakuna mazoezi yatakayokuokoa hapo, utaponda magoti ukisukuma pedali moja moja. Unachotafuta ni sproketi kubwa ya nyuma yenye meno sawa na ndogo ya mbele, au zaidi. Fundi mzuri wa baiskeli anaweza kukuwekea seti ya nyuma yenye meno 32 au 34, mradi kile kichuma kinachohamisha cheni kiwe na mkono mrefu wa kutosha. Mwambie abadilishe na cheni, kwa kuwa cheni iliyochakaa huruka kwenye meno mapya, tena huruka pale unapokanyaga kwa nguvu. Mtu akikushauri uuze baiskeli ununue nyepesi zaidi, mkatalie. Kilo tatu ukizipunguza kwenye kilo 80 ni kitu kidogo, gia isiyofaa ni safari nzima.

Kuhusu hewa, ondoa hofu. Kwenye mita 1,400 kanieneo la hewa limepungua kwa karibu asilimia 15 kulinganisha na hapa pwani. Utahema mapema kidogo, basi. Ugonjwa wa mwinuko unaowapata watu Kilimanjaro kwa kawaida huanza kuogopwa juu ya mita 2,500. Tena joto letu linakusaidia: mwili unaofanya mazoezi kwenye joto kwa wiki mbili hivi huongeza maji ya damu na kujifunza kutoa jasho mapema. Mombo yenyewe ni bonde la joto, kwa hiyo ondokeni pale saa kumi na mbili asubuhi. Maji, nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, na chumvi kidogo ndani yake. Chakula, usingoje njaa; ndizi mbivu moja na tende tatu nne kwa kila saa, kuanzia saa ya kwanza. Kashata nayo inafaa.

Siku yenyewe, jambo litakaloamua kama utafika ni kilomita 5 za mwanzo. Mlima unaanza mara tu unapoiacha Mombo, miguu bado ni mibichi, wenzako wana msisimko, na mmoja wao ataondoka kama anafukuzwa. Mwache. Weka gia nyepesi kabisa tangu mwanzo, hata kama unajisikia unaweza zaidi, na pima kwa kipimo kilekile cha kuitikia salamu. Pangeni tangu Dar mahali pa kungojana, Soni panafaa, ili asiwepo mtu wa kumwambia mwenzake ongeza mwendo.

Kushuka ndiko kunakonipa hofu kuliko kupanda, na hakuna anayeniuliza habari zake. Mkirudi mtashuka zile kilomita 33 mkiwa mmechoka, kwenye kona zilizojifunga, na mabasi na malori ya mboga yakipanda na kushuka nanyi. Hakuna mahali Dar panapokufundisha kushika breki kwa nusu saa, lakini mkono unafundishika. Tafuta uwanja mtupu, chora mstari chini, njoo kwa kasi ya kilomita 25, simama kwenye mstari kwa breki zote mbili huku umesogeza makalio nyuma ya siti. Breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Wanaoiogopa hawasimami, na wanaoibana peke yake kwa ghafla hurushwa. Rudia mpaka vidole viwili vya kila mkono vijue kiasi. Kisha nenda kilima cha Chuo ukazoee kona: punguza mwendo kabla ya kona, si ukiwa ndani yake, na macho yatazame unakotokea, si shimo lililo mbele ya tairi. Baiskeli hufuata macho.

Siku ya kushuka usibane breki mfululizo. Bana, achia, bana, achia. Breki za kubana rimu zikishikiliwa muda mrefu huchemsha rimu hadi tyubu kupasuka, na za diski nazo hupoteza nguvu zikipata moto. Simameni Soni, tazameni maporomoko, rimu zipoe. Kabla ya safari fundi akuwekee raba mpya za breki na akague waya za breki moja baada ya nyingine. Na ubebe koti jepesi la kuzuia upepo, kwa sababu asubuhi za Lushoto msimu huo ni baridi kweli, na mtu wa Dar akishuka na fulana yenye jasho vidole hufa ganzi, na vidole ndivyo breki zako.

Wiki ya mwisho usijifue tena. Endesha mara mbili, nusu saa nusu saa, lala mapema.

Kuhusu kusafirisha: basi la Lushoto kutoka kituo cha Magufuli, Mbezi, linapita Mombo, hivyo mtashukia pale. Mkubaliane na kondakta habari ya baiskeli siku moja kabla. Kwenye buti toa gurudumu la mbele na pedali, ulaze baiskeli upande wa cheni ukiwa juu, kichuma cha gia kisilaliwe na mizigo. Pedali ya kulia inafunguka kama nati za kawaida. Ya kushoto inafunguka kinyume, usiilazimishe ukavunja uzi. Mkifika Mombo jioni, rudisha kila kitu, kisha pitisha gia zote moja moja kabla ya kulala, mafundi wakiwa bado wazi.